Mtoto na Kauli Yake: Maigizo ya Watoto na Vijana katika Nchi ya Mara

Msafiri atokaye Mwanza kwa barabara kuu iendayo Sirari huiacha Ghuba ya Speke mkono wake wa kushoto, akapita Bunda, mji wa pamba na minada, na kabla hajalivuka daraja la Kirumi hukutana na njia mbili za kugeukia: moja humteremsha magharibi hata Musoma, mji uliokaa kwenye rasi iliyozungukwa na maji ya Ziwa Viktoria, na nyingine humpandisha mashariki hata Butiama, penye mawe makubwa yaliyobebana kama yaliyopangwa kwa mkono. Nchi hii si pana, na jina lake limevuma kwa siasa zaidi kuliko kwa sanaa. Lakini watoto wake wameigiza mbele ya watu tangu zamani, kwa sura zilizobadilika kila zama zilipobadilika, na mwenye kuzifuata sura hizo kwa taamuli huona kwamba katika kila moja limo swali lile lile, nalo ni kwamba maneno anayoyasema mtoto mbele ya kadamnasi ni ya nani.

Moto wa jioni

Wazanaki, Waikizu, Wajita, Wakwaya, Wakurya, Wajaluo na jamaa zao wengine wa pande hizi hawakujenga jukwaa wala kutundika pazia, lakini maigizo walikuwa nayo, na mahali pa kwanza pa maigizo hayo palikuwa ni moto wa jioni. Bibi alipoanza kusimulia, alikuwa fisi kwa sauti ya puani, akawa sungura kwa kunong'ona, akawa mke mdogo asiyependwa kwa kuinamisha kichwa tu. Nao watoto hawakukaa kimya, kwa maana ngano nyingi zilikuwa na wimbo ndani yake, na wimbo haukuweza kwenda bila waitikiaji. Aghlabu mtoto mmoja mtundu alimkatiza msimulizi akauliza kwa nini fisi hakukimbia, na bibi, maadam alikuwa fundi wa kazi yake, aliipokea hoja hiyo akaitia katika hadithi, ili fisi naye apate sababu ya kubaki. Ngano ile kesho yake haikuwa tena ile ya jana.

Butiama ilikuwa na mioto mingi ya namna hiyo. Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, ambaye yasimuliwa kwamba alioa wake 22, alikuwa na nyumba kadha wa kadha katika boma lake, na kila nyumba ilikuwa na mama yake na meko yake. Katika moja ya nyumba hizo, ya Mgaya wa Nyang'ombe, alizaliwa mwezi wa Aprili 1922 mtoto aliyeitwa Kambarage, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Julius. Mtoto aliyelelewa katika boma kama hilo alikuwa na uhuru wa kuchagua msimulizi kama mtu wa mjini achaguavyo kituo cha redio.

Lakini pamoja na moto wa jioni palikuwapo na tamasha jingine, kubwa na la mchana kweupe, nalo ni lile la tohara. Katika baadhi ya makabila ya nchi hii, hasa Wakurya, waliotahiriwa walisindikizwa kwa maandamano, kwa nyimbo na vigelegele, kwa litungu la nyuzi nane na kwa wachezaji waliopanda juu ya viatu vya magogo vyenye kishindo. Na wasichana nao walikeketwa na kurudishwa nyumbani kwa shangwe hiyo hiyo, wakitunzwa zawadi njiani. Mtu akilitazama tamasha hilo kwa jicho la sanaa peke yake ataona kila kitu cha tamthilia: mavazi, wimbo, mwendo uliopangwa, hadhira, na mhusika mkuu katikati. Tofauti iliyopo, nayo ni nzito, ni kwamba mhusika mkuu huyo ndiye pekee aliyekatazwa kusema. Alitakiwa asilie, asijikunje, asitamke neno; wengine wote waliimba kwa niaba yake. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu mwisho wa historia yetu utarudi papo hapo.

Nyegina na Mwisenge, 1911 hadi 1945

Mapadre Weupe waliifungua misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911, nchi ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani, na miaka michache baadaye vita vikaja vikawaondoa Wajerumani na kuwaleta Waingereza. Misheni ilileta kitabu, na kitabu kilileta namna mpya ya kusimama mbele ya watu. Mtoto wa motoni mwa bibi alikuwa mwitikiaji. Mtoto wa darasani alikuwa mkariri. Katekisimu ilikuwa ni swali na jibu, na jibu lilikwisha andikwa. Krismasi ilipofika, mtoto mmoja alikuwa Yosefu kwa fimbo ya babu yake, mwingine alikuwa mchungaji, jambo ambalo halikumhitaji kujifunza kitu kwani mbuzi alikuwa akiwachunga kila siku, na maneno yao yote yalitoka katika Injili pasipo kupunguzwa wala kuzidishwa.

Mwaka 1934 Kambarage, akiwa na umri wa miaka 12, alikwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwendo wa kiasi cha kilomita 40 kutoka kwao. Miaka mitatu baadaye alikuwa Tabora. Shule za zama zile, kote Tanganyika, zilikuwa na mchezo mfupi ulioitwa kichekesho, na wazee waliosoma wakati huo huukumbuka kwa furaha kuliko hesabu walizofundishwa: wavulana wawili watatu walijipaka masizi, wakavaa makoti makubwa, wakaigiza mshamba aliyefika mjini kwa mara ya kwanza, asiyejua kutumia uma wala kumsalimu karani. Hapana shaka wanafunzi walicheka sana. Walakini kicheko hicho kilikuwa na uchungu ndani yake usioonekana kwa haraka, kwa kuwa mshamba aliyechekwa alikuwa ni baba yao mzazi, na aliyepongezwa ni yule aliyejifunza kumcheka. Shule haikuwaambia waziwazi wawadharau wazazi wao. Iliwaachia jukwaa, nao wakaijua njia.

Kaizari asema Kiswahili, 1946 hadi 1969

Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani waliwasili Musoma mwaka 1946, wakaieneza kazi ya shule na parokia katika nchi yote ya Mara. Mwaka 1955 Julius Nyerere, aliyekuwa ameacha ualimu wa Pugu ili ashughulike na chama cha TANU, alirudi nyumbani kwa kitambo, na katika miezi hiyo alimfundisha mmoja wa mapadre hao Kizanaki, akafanya pia kazi ya kutafsiri maandiko ya dini katika lugha hiyo ya mama yake. Wanahistoria wa siasa huipita miezi hiyo kwa sentensi moja. Kwangu mimi ni miezi yenye uzito, kwa sababu mfasiri hujifunza jambo ambalo mtunzi wa michezo lazima alijue: namna ya kumfanya mtu aseme maneno ambayo si yake, na bado yasikike kama yametoka kifuani mwake.

Matunda yake yalionekana upesi. Mwaka 1963, akiwa Rais wa Jamhuri changa, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, iliyochapishwa na Oxford University Press; akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Alifuata mistari isiyo na vina, jambo lililowastusha baadhi ya wapenzi wa ushairi wa pwani waliozoea kwamba shairi bila vina ni nyumba bila paa. Tena jina la mchezo wa pili linafaa kutazamwa kwa makini: Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja, naye Mwalimu Nyerere akawafanya wengi na kuwaita mabepari, neno ambalo katika Tanzania ya wakati ule lilikuwa na moto wake. Aliutafsiri mchezo na papo hapo akautolea hukumu.

Vijana wa sekondari waliopata kusoma vitabu hivyo waligundua kwamba hotuba ya Antoni juu ya maiti ya Kaizari inaweza kuunguruma kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa kwa Kiingereza. Huo ulikuwa ushindi wa lugha, nao ulikuwa mkubwa. Hata hivyo ilikuwa ni sauti ya Roma iliyopitia London ikafika Ikulu. Mtoto wa Bunda aliyeisema aliiazima kwa taadhima, akairudisha kengele ilipolia.

Zama za ngonjera, 1967 hadi 1977

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi wa Machi mwaka huo ukafuata waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu aliwaomba washairi waieneze siasa mpya kwa watu, na aliyeitika kwa namna iliyobadili jukwaa la watoto wa Tanzania yote alikuwa Mathias Mnyampala, Mgogo, ambaye aliufanya ushairi wa kujibizana kuwa mchezo na kuuita ngonjera. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada yake, mwaka 1970 na 1971. Ngonjera haikutaka nyumba, pazia, wala fedha. Ilitaka watoto wawili au zaidi, mmoja asiyeelewa na mwingine aliyeelewa, wabishane kwa vina na mizani mpaka yule asiyeelewa akubali.

Katika zama hizo hizo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho, mwaka 1967, na miaka miwili baadaye Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile, mchezo wa vita vya Maji Maji ambao shule nyingi ziliusoma na baadhi zikathubutu kuuigiza. Lakini shule ya msingi ya Mara haikuwa na nguvu ya kuigiza vita. Ilikuwa na ngonjera.

Kisha likaja jambo lililotokea Musoma yenyewe. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini humo, ikapitisha Azimio la Musoma, lililoagiza kwamba lengo la kumwandikisha kila mtoto shule, ambalo kwanza liliwekewa mwaka 1989, lifikiwe mwaka 1977. Hesabu ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilikuwa kiasi cha milioni 1.2 mwaka 1974. Mwaka 1978 walikuwa karibu milioni 3. Mwaka ule ule wa Azimio, Operesheni Mara ilikuwa ikiwahamisha watu kutoka makwao yaliyotawanyika kwenda vijiji vya ujamaa. Msomaji ayaweke mambo hayo mawili pamoja, ndipo ataona yaliyotokea: watoto wa kabila hili na lile, ambao jana walikuwa na moto wao na lugha yao, leo wamekaa chini ya mwembe mmoja mbele ya mwalimu kijana aliyefunzwa kwa haraka, vitabu ni haba, madawati hayatoshi, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili ambacho wengi wao walikuwa wakijifunza siku hiyo hiyo. Ngonjera ilikuwa ndiyo kitabu chao. Waliishika kwa kichwa kwa kuwa mikononi hapakuwa na kitu.

Nami nilikuwa miongoni mwao, katika shule moja ya upande wa Bunda. Nilichaguliwa kuwa yule asiyeelewa, nikachorwa masharubu kwa mkaa uliosagwa katika mafuta ya taa, ukaniwasha juu ya mdomo mchana kutwa. Koti lilikuwa la babu wa mwenzangu, na mikono yake ilikunjwa mara tatu. Mbele yetu palikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa cha kufumwa, juu yake pamewekwa soda mbili za mgeni rasmi na jagi la maua ya karatasi. Nilisema beti zangu zote bila kukosa hata silabi. Neno bepari lilikuwamo mara kadhaa, na mimi, Mungu ndiye ajuaye, nilidhani ni mnyama, wa jamii ya fisi labda, kwa sababu mwalimu alitufundisha kulitamka kwa kukunja uso. Nilipofika mahali pa kukubali kosa, nilikubali kwa sauti kubwa hata watu wakapiga makofi, na baba yangu, aliyekuwa amesimama nyuma na baiskeli yake, aliniuliza njiani tukirudi: "Mwanangu, ulikuwa umekosa nini?" Sikuwa na jibu.

Sitaki nieleweke kwamba naibeza ngonjera. Ilinipa kumbukumbu, ilinipa sauti ya kufika nyuma ya umati, ilinipa Kiswahili ninachokiandika sasa, na iliwafundisha watoto wa kike wa zama zile kusimama mbele ya wazee wa kiume bila kutazama chini, jambo ambalo halikuwa dogo katika nchi ya Mara. Ila mwisho wake ulijulikana kabla haijaanza. Hakuna ngonjera ambamo yule asiyeelewa alishinda hoja, hata siku moja.

Miaka ya uhaba na somo la Malya

Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, na baada yake uchumi ulianguka. Sabuni ilikuwa ya foleni, daftari lilikatwa katikati wanafunzi wawili wakagawana. Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, lakini Bagamoyo ilikuwa mbali na sisi kuliko inavyoonekana katika ramani. Kilichotufikia kilikuwa redio. Kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, kwa sauti ya Deborah Mwenda, kiliurudisha moto wa bibi kwa njia ya betri. Nyumba iliyokuwa na redio ilijaa watoto wa majirani, na aliyekuwa na betri dhaifu aliianika juani tangu asubuhi ili jioni ipate uhai kidogo. Kasoro ya bibi huyu mpya ni kwamba hakuweza kukatizwa.

Jambo lenye matokeo marefu zaidi lilifanyika mwaka 1982 na 1983 kusini yetu, Malya, katika wilaya ya Kwimba. Walimu wa sanaa kutoka Chuo Kikuu, miongoni mwao Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, hawakwenda kijijini na mchezo uliokwisha andikwa. Walikwenda kukaa, kuuliza na kusikiliza. Kisha pamoja na vijana wa hapo waliyatengeneza matatizo ya kijiji kuwa igizo na ngoma, wakaigiza, na igizo lilipokwisha hawakuinama wakaondoka, bali waliwageukia watazamaji wakawauliza wafanyeje. Njia hiyo ilikuwa imejaribiwa Botswana katika miaka ya 1970, na baadaye ilirudiwa Msoga, karibu na Chalinze. Mtu anaweza kuona kwamba ni jambo dogo, kuuliza swali baada ya mchezo. Lakini mizani ya karne nzima ilipinduliwa hapo. Toka Nyegina hata ngonjera, maneno yalishuka kutoka juu yakapitia kinywa cha kijana. Huko Malya yalianza kupanda kutoka chini.

Tuseme

Mlama na Lihamba waliipeleka njia hiyo kwa watoto wenyewe mapema miaka ya 1990, kwa mradi wa maigizo ya watoto ulioendeshwa kutoka Chuo Kikuu, na wakati ulikuwa mwafaka. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa ulipitishwa mwaka 1989, Tanzania ikauridhia mwaka 1991, na katika mkataba huo imo haki ya mtoto ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mwaka 1996 ulianza mradi wa Tuseme kwa wasichana wa sekondari. Kazi yake ilikwenda hivi: wanafunzi walikaa peke yao na wawezeshaji, wakataja mambo yanayowazuia kusoma, kwa mfano mimba, mwalimu asiye na adabu, kazi za nyumbani, kukosa sodo na bweni, wakachambua chanzo cha kila jambo, wakalitungia igizo, wakaliigiza mbele ya walimu na wenzao, na baada ya igizo walimu walilazimika kukaa na kujibu. Shirika la FAWE, ambalo Mlama alikuja kuliongoza, liliieneza njia hiyo katika nchi nyingine za Afrika.

Miaka hiyo ilikuwa pia ya UKIMWI, na barabara yetu ya Mwanza hadi Sirari, yenye madereva wa malori, na kambi za wavuvi wa dagaa kando ya ziwa, hazikusazwa. Radio Tanzania ilianza mwaka 1993 mchezo wa Twende na Wakati; vitabu vya Kilio Chetu, na baadaye Orodha, viliingia madarasani vikasema mambo ambayo wazazi hawakuthubutu kuyasema; na vikundi vya vijana viliigiza minadani, kwa kipaza sauti kimoja kinachopokezanwa, huku mnunuzi wa mbuzi akisikiliza nusu na kubishana bei nusu. Vingi vya vikundi hivyo vilikufa fedha za wafadhili zilipokwisha. Nasikitika kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa maana vijana wale walikuwa na vipaji vya kweli, na kijana aliyezoea kupokewa kwa makofi akiachwa ghafla huona kama amedanganywa.

Butiama baada ya 1999

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa Butiama Julai 1999, akiwa hai. Oktoba 14 mwaka huo alifariki London, akazikwa nyumbani kwake Mwitongo. Tangu hapo kila Oktoba watoto wa shule husimama kwa sare zao kumwimbia na kumghania ngonjera yule aliyeziomba ngonjera ziwepo. Mwaka 2012 Butiama ikawa wilaya. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, na hilo ni jema, ingawa kwa shule nyingi za kwetu jukwaa bado ni kivuli cha mti na pazia ni kanga mbili zilizofungwa kwa kamba ya katani.

Lakini kazi iliyonigusa zaidi katika miaka hii imefanyika mbali na sherehe. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana iliharamisha ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, na pamoja na hayo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 uliona kwamba katika mkoa wa Mara asilimia 32 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ilhali nchini kwa jumla ilikuwa asilimia 10. Msimu wa ukeketaji hufika aghlabu mwisho wa mwaka, wakati wa likizo ndefu ya shule, na wasichana hukimbia usiku. Mwaka 2014 ilifunguliwa nyumba salama Mugumu, chini ya Kanisa Anglikana, na baadaye nyingine ikawapo Kiabakari, wilayani Butiama. Wasichana waliopokewa katika nyumba za namna hii, na wenzao wa shule wanaowaunga mkono, wamekuwa wakitunga nyimbo na maigizo na kuyapeleka vijijini.

Wanachokiigiza ni tamasha lile lile la zamani: maandamano yale, vigelegele vile, zawadi zile, na mhusika mkuu akiwa katikati. Wazee wanaokaa mbele huutambua kila wimbo, na miguu yao hucheza kabla akili haijawakataza. Ndipo msichana wa katikati, ambaye kwa desturi hana ruhusa ya kutamka neno, hugeuka akasema. Nimeona hadhira ikinyamaza hapo mpaka akasikika kuku akipekua majani nyuma ya ukuta. Baadhi huondoka kwa hasira. Mzee mmoja aliwahi kusimama akasema mambo hayo si ya kuletwa hadharani, akajibiwa na ajuza aliyekaa karibu naye kwamba yalikuwa hadharani tangu yeye akiwa mtoto, tena kwa ngoma.

Mwaka mmoja nilikaribishwa katika mazoezi ya kundi la wasichana wa shule katika wilaya ya Butiama, nyuma ya darasa lisilokamilika, saa za alasiri. Walikuwa kumi na mmoja. Msichana mmoja mrefu, mwenye daftari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, ndiye aliyekuwa baba, na kwa ajili hiyo alikuwa amevaa koti lililomzidi na kushika fimbo, masharubu hakuchorwa. Mwalimu wao, mama wa makamo aliyeipenda kazi yake, alikuwa amewaandikia baba huyo hotuba nzuri ya kumwamuru binti yake akakeketwe, yenye mpangilio, yenye methali mbili, na yenye sababu moja, mbili, tatu. Msichana aliisoma mara ya kwanza, akaisoma mara ya pili, kisha akaliteremsha daftari.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Baba hasemi hivi."

"Husemaje?"

"Kwanza huuliza ng'ombe wamerudi wangapi. Akishajibiwa hunyamaza. Halafu huniita jina la bibi yangu, lile la nyumbani, kwa upole sana. Akiniita hivyo tu, mama hutoka nje."

Wenzake wawili walitikisa kichwa kukubali. Mwalimu aliitazama karatasi yake kitambo, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya hotuba yote, kutoka juu hadi chini, akamrudishia msichana daftari pamoja na kalamu.

"Basi, mwanangu," alisema, "anzia kwa ng'ombe."